Pua ya Cleopatra na omo ya merikebu: kisa cha dinari ya Newcastle

Tarehe 14 Februari 2007, siku ya wapendanao, Chuo Kikuu cha Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, kilitoa taarifa kuhusu dinari ya fedha ya Kirumi iliyokuwa inawekwa hadharani kwenye Makumbusho ya Shefton chuoni hapo. Upande mmoja una kichwa cha jemadari wa Kirumi Mark Antony, upande wa pili una mpenzi wake Cleopatra, malkia wa Misri. Taarifa ilieleza kinachoonekana kwa jicho: malkia ana paji dogo la uso, kidevu kilichochongoka, midomo myembamba na pua kali. Antony naye macho yamemtoka, pua kubwa imepinda, shingo nene.

Waandishi wa habari hawakuhitaji zaidi ya hapo. Vichwa vya habari vilikuwa vingi lakini ujumbe mmoja: kumbe Cleopatra hakuwa mrembo. Watu wakacheka, wengine wakasikitika, kisha kila mtu akaendelea na yake.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa polepole, kwa sababu sarafu ni halali, maelezo ya uso ni sahihi, na bado hitimisho halisimami. Watu waliikodolea macho pua wakayapita maandishi. Zaidi ya hapo, hawakuuliza swali ambalo pesa yoyote inapaswa kuulizwa kwanza: nani alilipwa nayo, na kwa kazi gani?

Sarafu yenyewe

Hakuna aliyeifukua mwaka 2007. Ilikuwa mali ya Jumuiya ya Wapenda Mambo ya Kale ya Newcastle upon Tyne, chama kilichoanzishwa mwaka 1813, na ilikuwa imetulia kwenye mkusanyo wao pamoja na sarafu nyingine. Ilitoka kwa sababu mikusanyo ya makumbusho kadhaa mjini humo ilikuwa inaandaliwa kukaa chini ya paa moja, la Great North Museum iliyofunguliwa mwaka 2009, na vitu vilibidi viangaliwe upya na kuandikiwa maelezo. Uvumbuzi mwingi wa makumbusho hutokea hivyo. Mtu anavuta droo, anasoma kadi ya zamani, anachukua lenzi. Jembe halihusiki kabisa. Na anayepanga tarehe ya kutangaza ana ufundi wake pia. Kuwatoa wapenzi hawa wawili hadharani tarehe 14 Februari hakukuwa bahati nasibu.

Sarafu ilipigwa mwaka 32 KK, na dinari ya wakati ule ni kitu kidogo. Kipenyo chake ni kama milimita 18, ndogo kuliko shilingi moja ya Kenya, na uzito wake haufiki gramu 4. Ukitoa ukingo na nafasi ya maandishi, uso wa Cleopatra unabaki na urefu wa kama sentimita moja hivi. Ndani ya sentimita hiyo fundi alitakiwa kuweka nywele zilizofungwa kisogoni, utepe wa kifalme, sikio, jicho na pua, halafu chini yake shingo na vazi la mabegani. Tena alichonga kinyume. Kinachotakiwa kutokeza kwenye sarafu yeye anakichimba ndani ya muhuri, na uso unaotazama kulia anauelekeza kushoto. Baada ya hapo kipande cha fedha kinalazwa juu ya muhuri mmoja, muhuri wa pili unashikiliwa juu yake, nyundo inashuka. Mkono ukiteleza kidogo, nusu ya herufi zinaangukia nje ya sarafu. Muhuri ukipasuka unachongwa mwingine, pengine na fundi ambaye hajawahi kumwona malkia hata kwa mbali.

Kwa hiyo ukizipanga dinari kadhaa za aina hii utaona kidevu kinarefuka na kufupika, pua inapinda zaidi hapa na kidogo pale, kwa kufuata mkono wa fundi. Pua ya Newcastle ni pua ya muhuri mmoja. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mhariri wa gazeti apunguze sauti.

Nyuso nyingine za malkia huyuhuyu

Cleopatra hakutokea kwenye sarafu hii tu. Alexandria, mji mkuu wake, ilitoa sarafu zake za shaba, na humo uso wake una sura ya ujana zaidi. Ascalon, bandari ya pwani ya Palestina, ilitoa sarafu za fedha zenye picha yake, na hapo pua ni ndefu na imepinda. Kisha kuna sarafu kubwa za fedha za Siria alizoonekana pamoja na Antony, na hizo zina jambo la ajabu: malkia na jemadari wanakaribia kufanana. Shingo yake imekuwa nene, taya limekuwa zito, pua imekomaa kama ya mwenzake.

Je, tuseme alizeeka ghafla akawa mwanamume? La. Hiyo ilikuwa lugha ya madaraka. Wafalme wa ukoo wa Ptolemy walipenda kuonekana wanafanana, kizazi hadi kizazi, kwa sababu kufanana na babu ni hati ya kumiliki nchi. Baba yake, Ptolemy XII, yuko kwenye sarafu na pua yake ya kupinda. Cleopatra aliyechongwa na pua hiyo anawaambia watu: huyu ni mtoto wa yule, kiti ni chake. Kwa upande wa Roma, wakubwa wa enzi ya jamhuri waliona fahari kuchongwa na mikunjo ya paji, mashavu yaliyobonyea na pua kubwa. Uso laini ulikuwa uso wa mtu ambaye bado hajafanya kitu. Ukiiunganisha mila ya Alexandria na ya Roma kwenye muhuri mmoja mwaka 32 KK, unapata uso ule ule uliowashtua wasomaji wa 2007. Fundi hakukosea na wala hakumtukana. Alifanya alichoagizwa: amwonyeshe mtawala.

Sisemi kwamba sarafu haina chembe ya sura halisi. Pua ndefu inarudi mara nyingi mno kwenye sarafu zake, toka miji tofauti, kiasi kwamba ningeshangaa kama alikuwa na pua fupi. Lakini kutoka "alikuwa na pua ndefu" hadi "hakuwa mzuri" ni safari nyingine kabisa, na haina uhusiano na taaluma ya sarafu. Nani aliamua kwamba pua ndefu ni ubaya? Wenye vipimo vya urembo vya karne yetu, na sinema zilizotuzoesha Cleopatra wa kope nyeusi na uso wa mwigizaji wa Marekani. Sarafu ililinganishwa na sinema, ikashindwa, na kosa akabebeshwa malkia.

Mashahidi wa maandishi

Ili kuipa nguvu hoja yao, waliotangaza dinari walikumbusha kwamba waandishi wa Kirumi wanamsifu Cleopatra kwa akili, mvuto na sauti, lakini hawautaji uzuri wake. Hapa ndipo ninapogoma.

Anayetegemewa kwa kauli hiyo ni Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya Antony zaidi ya miaka 100 baada ya matukio. Plutarch anasema kwamba uzuri wa Cleopatra, kwa wenyewe, haukuwa wa kukosa mfano wala wa kumduwaza kila aliyemwona. Kilichonasa watu ni kuwa naye karibu, mazungumzo yake, na sauti iliyotembea kama ala ya nyuzi nyingi. Ukisoma vizuri, hajasema alikuwa mbaya. Amesema hakuwa wa kuangusha watu kwa sura peke yake. Mara moja baada ya hapo anataja lugha zake: aliwajibu bila mkalimani Waithiopia, watu wa pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu, Waebrania, Waarabu, Washamu, Wamedi na Waparthi, ilhali wafalme waliomtangulia hawakujisumbua kujifunza hata Kimisri. Kwangu mimi orodha hiyo inaeleza zaidi kuhusu utawala wake kuliko pua yoyote, kwa maana inamwonyesha mtu aliyetazama kusini na mashariki, aliyejua jirani zake ni akina nani.

Plutarch ana thamani kwa sababu nyingine pia. Alisikia mambo nyumbani kwao. Anasimulia kwamba babu mkubwa wake Nicarchus, pamoja na raia wenzake wa Chaeronea, mji wa Ugiriki, walilazimishwa kubeba ngano mabegani hadi pwani kwa ajili ya jeshi la Antony, huku wakichapwa viboko ili waharakishe. Walikuwa wameshabeba mzigo mmoja, wa pili umeshapimwa tayari kwa safari, habari ikaja kwamba Antony ameshindwa, wasimamizi na askari wakatimua mbio, na watu wa mji wakagawana ngano. Nitaurudia mzigo huo wa ngano.

Lakini kuna shahidi wa pili, Cassius Dio, seneta wa Kirumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3 BK, na yeye anatamka wazi kwamba Cleopatra alikuwa mwanamke wa uzuri uliopita kiasi, na kwamba alipokutana na Julius Caesar alikuwa katika kilele cha ujana wake. Dio yuko mbali zaidi kwa miaka kuliko Plutarch, na ana kawaida ya kunogesha hadithi, kwa hiyo simfanyi kuwa mwamuzi. Ila huwezi kusema waandishi wa Kirumi hawakuutaja uzuri wakati mmoja wao ameutaja bila kung'ata maneno. Shahidi aliyeachwa nje ya mahakama ndiye aliyekuwa na kauli ya kuharibu kesi.

Omo, taji na mshahara

Sasa tugeukie sehemu ya sarafu ambayo haikupata kichwa cha habari hata kimoja. Kumzunguka Antony pameandikwa ANTONI ARMENIA DEVICTA: ya Antony, Armenia ikiwa imeshindwa. Nyuma ya kichwa chake limechongwa taji refu la wafalme wa Armenia. Kumzunguka Cleopatra pameandikwa CLEOPATRAE REGINAE REGVM FILIORVM REGVM: ya Cleopatra, malkia wa wafalme, na ya wanawe walio wafalme. Na mbele yake, chini kidogo, kadogo kiasi cha kupitwa na jicho, iko omo ya merikebu, yaani sehemu yake ya mbele.

Taji lina historia ya miaka miwili nyuma. Mwaka 34 KK Antony aliivamia Armenia, akamkamata mfalme Artavasdes na kumpeleka Alexandria amefungwa minyororo. Jemadari wa Kirumi akishinda vita anaandamana Roma, mbele ya watu wa Roma. Antony aliandamana Alexandria. Baadaye akawakusanya watu wa mji kwenye uwanja wa mazoezi, akaweka jukwaa la fedha na juu yake viti vya dhahabu, akagawa nchi. Cleopatra akathibitishwa kuwa malkia, na Caesarion, mwanawe aliyedaiwa kuzaa na Julius Caesar, akatawazwa pamoja naye. Alexander Helios, mtoto wa Antony mwenye umri wa miaka kama sita, akapewa Armenia, Media na Parthia, ingawa Parthia haikuwa imeshindwa na mtu. Mtoto huyo alitokezwa mbele ya watu amevaa mavazi ya Kimedi na kilemba kirefu kilichosimama. Mdogo wake Ptolemy, aliyekuwa bado mtoto mchanga wa kushikwa mkono, akapewa Foinike, Siria na Kilikia. Hao ndio "wanawe walio wafalme" wa kwenye sarafu.

Hayo yote yangeweza kuandikwa kwa Kigiriki, lugha ya Alexandria na ya sarafu zote za Cleopatra mwenyewe. Yameandikwa kwa Kilatini. Isitoshe, dinari haikuwa pesa ya Misri. Ukoo wa Ptolemy kwa vizazi ulikuwa umefunga soko lake la fedha. Mfanyabiashara aliyeingia na sarafu za kigeni alitakiwa kuzibadilisha kwa za Misri. Basi sarafu hii haikutengenezwa kwa ajili ya mkulima wa Nile wala mchuuzi wa Alexandria. Msomaji wake alikuwa Mrumi, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa mwaka 32 KK, Mrumi huyo kwa kawaida alikuwa askari wa Antony.

Askari wa jeshi la Kirumi tangu siku za Julius Caesar alipata dinari 225 kwa mwaka. Mwaka huo wa 32 KK Antony na Octavian, mrithi wa Julius Caesar na mshindani wake wa madaraka, walikuwa wanajiandaa kupigana. Antony alimtaliki Octavia, dada wa Octavian. Octavian naye akauchukua wasia wa Antony uliokuwa umehifadhiwa kwa mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa Roma, akausoma hadharani, kisha Roma ikatangaza vita. Na ilitangaza vita dhidi ya Cleopatra peke yake. Jina la Antony halikutajwa, ili isionekane kwamba Warumi wanauana wao kwa wao. Katikati ya mvutano huo, askari wa Antony anafungua mkono wake siku ya malipo na kuona uso wa mwanamke yule yule ambaye Roma imemtangazia uadui, ana cheo kwa Kilatini, na ana merikebu mbele yake.

Merikebu ndiyo ufunguo. Plutarch anasema kati ya vyombo 800 alivyokusanya Antony, pamoja na vya mizigo, Cleopatra alitoa 200, akaongeza talanta 20,000 na chakula cha jeshi lote kwa muda wote wa vita. Fanya hesabu. Talanta moja ni drakma 6,000, na drakma waandishi wa wakati ule waliihesabu sawa na dinari. Talanta 20,000 ni dinari milioni 120. Kwa mshahara wa dinari 225, hizo zinalipa askari 100,000 kwa zaidi ya miaka mitano, na 100,000 ndiyo idadi ya askari wa miguu ambao Plutarch anampa Antony kwenye vita vya Actium, alikoshindwa na Octavian. Waandishi wa kale wanajulikana kwa kuongeza chumvi kwenye tarakimu, kwa hiyo kata nusu ukitaka. Bado mwajiri anabaki yule yule.

Nikiisoma hivyo, dinari ya Newcastle haisemi "tazameni wapenzi hawa". Inasema: huyu ndiye jemadari aliyeshinda Armenia, na huyu ndiye mwenye merikebu na hazina. Uso mzito wa malkia, wenye shingo ya kiume na pua ya baba yake, ndio uso unaotarajiwa kwa mtu wa namna hiyo. Ungemchonga mlipaji wa jeshi akiwa na sura ya bibi harusi, askari wangecheka. Na ule mzigo wa ngano wa Chaeronea unatuonyesha mfuko ulipoanza kupungua: kabla ya vita kuisha, chakula cha jeshi kilikuwa kinanyang'anywa kwa wanavijiji wa Ugiriki kwa viboko.

Kosa la 2007 kwa sehemu linatokana na kioo. Sarafu ikilazwa kwenye kabati la maonyesho inaonyesha upande mmoja tu, wa pili unalalia kitambaa. Ukimlaza Cleopatra juu, Antony na taji la Armenia wanapotea, na anayebaki ni mwanamke mwenye pua. Picha za magazeti ziliziweka pande zote mbili bega kwa bega, lakini kama picha mbili za wachumba, wala si sentensi moja iliyoanzia upande huu ikaishia ule. Kibandiko kimoja chenye tafsiri ya maneno yale ya Kilatini kingefanya kazi kubwa kuliko taarifa nzima kuhusu midomo myembamba.

Antony mwenyewe hakuendelea na nyuso hizi. Kwa malipo makubwa ya kabla ya Actium alipiga kwa wingi dinari za aina nyingine: upande mmoja merikebu ya makasia, upande wa pili tai wa jeshi kati ya bendera mbili, na namba ya kikosi chini. Cleopatra hayumo, wala kichwa cha Antony hakimo. Fedha yake ilikuwa hafifu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyehangaika kuziyeyusha; ziliendelea kupita mikononi kwa zaidi ya miaka 200, hadi Uingereza ya Kirumi, ambako hufukuliwa mpaka leo kwenye akiba zilizozikwa. Ukilinganisha sarafu hizi mbili unaona jinsi ujumbe ulivyokatwa hadi kwenye mfupa: nyuso zimeondolewa, merikebu imebaki.

Vita vya Actium vilipiganwa tarehe 2 Septemba 31 KK. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, Antony na Cleopatra walikufa Alexandria, na Caesarion akauawa baada yao. Octavian naye akapiga dinari ya fedha, mwaka 28 KK, yenye kichwa chake upande mmoja na mamba upande wa pili, na maneno AEGVPTO CAPTA, Misri imetekwa. Ni muundo ule ule wa ANTONI ARMENIA DEVICTA, safari hii mshindi akiwa mwingine na nchi nyingine. Hazina ya Alexandria ilipofika Roma, pesa zikawa nyingi mjini hata bei ya ardhi ikapanda, na mkopo uliokuwa unatozwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka ukapatikana kwa asilimia 4.